Kusoma Uvuvi wa Kale Kwenye Mifupa ya Samaki: Mwongozo Kamili, Kuanzia Chekeche Hadi Ripoti

Nikiletewa jedwali la mifupa ya samaki nilikague, macho yangu hutafuta vitu viwili kwanza: ukubwa wa matundu ya chekeche, na idadi ya mifupa iliyoshindikana kutambuliwa. Mara nyingi cha kwanza hakikuandikwa, na cha pili ni sifuri. Hapo hitimisho nalijua kabla sijalisoma. Litasema wakazi walikuwa mabingwa wa kuvua samaki wakubwa wa kina kirefu.

Huenda walikuwa hivyo kweli. Lakini jedwali la namna hiyo haliwezi kutuambia, kwa sababu samaki wakubwa ndio pekee waliobaki juu ya chekeche, na kila kipande kilichotatiza kimelazimishwa kuwa na jina. Nimeliona kosa hili kwa wanafunzi wenye bidii na kwa watu waliochimba miaka mingi, na chanzo chake ni kilekile: wanakimbilia kuutaja uvuvi kabla ya kuuhoji mfupa. Kila mfupa una mpaka wa ushahidi wake. Hatua zinazofuata zinakufundisha kuujua mpaka huo na kukaa ndani yake.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Chekeche za matundu ya milimita 10, 4, 2 na 1 zinazopandana moja juu ya nyingine
- Ndoo zenye alama za lita, maji ya kutosha na mpira wa maji wenye mkondo mpole
- Trei bapa, karatasi za kukaushia, na mahali penye kivuli na upepo
- Vibano vyenye ncha laini, brashi ndogo, taa ya mezani na kioo cha kukuzia mara 10
- Hadubini ya mezani kwa vipande vya chini ya milimita 2
- Kalipa inayosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita, na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu
- Mifuko midogo, vijichupa, lebo zisizofutika kwa maji, na kalamu ya wino wa kudumu
- Mkusanyo wa rejea, yaani mifupa ya samaki wa leo wanaojulikana kwa hakika (Hatua ya 4)
- Daftari la kawaida. Kompyuta itakuja baadaye. Sababu za kuamua kwamba mfupa huu ni wa samaki chewa na si wa samaki changu huandikwa wakati mfupa uko mkononi.

Ruhusa ya kushika, kusafirisha na kuhifadhi mabaki ya kale itangulie yote haya. Ikitafutwa baada ya kazi, kazi yote inaweza kuwa batili.

## Hatua ya 1: Pima udongo, kisha chagua matundu ya chekeche

Hatua hii ndiyo inayoamua mengi, nayo ndiyo huharakishwa kuliko zote.

Pingili moja ya uti wa mgongo wa dagaa ina upana wa milimita moja au mbili. Pingili ya jodari mkubwa inajaza kiganja. Ukitumia chekeche ya milimita 6, dagaa wote wanapita, pamoja na sehemu kubwa ya mifupa ya samaki wa ukubwa wa mkono. Wanaobaki ni majitu. Jamii iliyokula dagaa mwaka mzima na kupata jodari mara moja itaonekana kwenye jedwali lako kama jamii ya wavuvi wa jodari.

Usichague matundu kwa mazoea wala kwa sababu chekeche fulani ilikuwepo stoo. Fanya jaribio dogo:

1. Chukua lita 10 za udongo kutoka kila tabaka unalotaka kulisoma.
2. Upitishe kwenye chekeche zote nne kwa pamoja, ya matundu makubwa ikiwa juu.
3. Hesabu mifupa ya samaki iliyobaki kwenye kila chekeche, na uandike ni mingapi inatambulika.
4. Angalia mifupa inayotambulika inapungua sana kuanzia wapi.

Ikiwa chekeche ya milimita 2 inakamata karibu kila kitu chenye jina, tumia hiyo kwa udongo wote, na uchukue sampuli ndogo ya milimita 1 kutoka kila tabaka kama ulinzi. Ikiwa mifupa mingi inaangukia kwenye ile ya milimita 1, kubali kuchuja udongo mchache zaidi kwa chekeche laini zaidi. Lita 20 zilizochujwa vizuri zina faida kuliko lita 500 zilizopoteza nusu ya samaki.

Sababu ya kuandika lita: bila ujazo wa udongo huwezi kulinganisha matabaka. Mifupa 300 kwenye lita 10 na mifupa 300 kwenye lita 200 ni habari mbili tofauti kabisa.

Tahadhari: usichanganye mifupa iliyookotwa kwa mkono na ile ya chekeche kwenye safu moja. Jicho la mchimbaji huvutwa na vikubwa. Iweke kando na uiite kwa jina lake.

Umefaulu ikiwa: kila mfuko una lebo yenye tabaka, lita za udongo, ukubwa wa matundu na tarehe, na unaweza kusema kwa namba ni kiasi gani cha mifupa kingepotea kama ungetumia chekeche pana zaidi.

## Hatua ya 2: Osha kwa upole, kausha kivulini

Loweka udongo wa mfinyanzi hadi ulegee wenyewe. Usiusugue kwenye wavu wa chekeche kwa kiganja. Mifupa ya kichwa ya samaki ni myembamba kama kucha na huvunjika palepale. Maji yafanye kazi.

Kausha kivulini, polepole, siku mbili au tatu. Jua kali hupasua mifupa iliyokaa ardhini kwa karne nyingi, na mipasuko hiyo mipya baadaye utaifananisha na alama za moto au za kukanyagwa. Usifunge mfuko wenye unyevu hata kidogo. Ukungu ukiingia, lebo ndizo za kwanza kufa.

## Hatua ya 3: Chambua samaki kutoka kwa visivyo samaki

Anza na kundi la milimita 10, kisha 4, halafu 2, na mwisho 1. Kundi la milimita 4 hushughulikiwa kwa macho na taa nzuri. La milimita 2 linahitaji kioo cha kukuzia. La milimita 1 ni la hadubini, na kama ni jingi, ligawanye kwa nusu zilizo sawa, chambua nusu moja au robo, na uandike umegawa mara ngapi. Usikae zaidi ya saa mbili mfululizo. Bandubandu huisha gogo, na jicho lililochoka hutupa vijiwe vya masikio (vijiwe vidogo vilivyo ndani ya kichwa cha samaki) pamoja na changarawe.

Utautambuaje mfupa wa samaki? Uwekee mwanga kwa nyuma. Mara nyingi mwanga hupenya kidogo, na unaona matabaka au mistari kama ya ukucha wa zamani. Hauna uwazi wa uboho katikati kama mfupa wa mguu wa ndege au mnyama. Pingili yake ina mashimo pande zote mbili, kama vikombe viwili vilivyogandishwa kitako kwa kitako. Pingili ya nyoka, inayochanganya watu kila siku, ina shimo upande mmoja na kitufe cha duara upande wa pili. Ukiishika mara moja kwa kulinganisha, hutaikosea tena.

Papa na taa wana mifupa laini inayooza, hivyo wanaacha vitu vichache: meno, miiba ya mkia wa taa, na pingili ngumu za duara zinazofanana na vifungo vya koti. Usizitupe kwa kudhani ni shanga.

Kijiwe cha sikio kinafanana na punje ya mchele iliyopinda au kipande cha kauri, chenye mfereji upande mmoja. Hiki ni hazina, kwa kuwa kina pete za ukuaji. Kiweke kwenye kijichupa chake, kikavu.

Umefaulu ikiwa: mtu mwingine akipitia mabaki uliyoyaacha anapata mifupa ya samaki michache mno. Mwombe afanye hivyo kwa kila mfuko wa kumi, na andika alichokipata.

## Hatua ya 4: Tengeneza mkusanyo wa rejea unaostahili kuaminiwa

Kutambua mfupa ni kulinganisha. Picha za vitabuni zinasaidia kukuelekeza, lakini mfupa unageuzwa, unaguswa, unatazamwa kwa pembeni, na picha haigeuki.

Tatizo kubwa hapa halionekani kwa urahisi. Tuseme mkusanyo wako una aina moja tu ya changu. Kila mfupa wa changu utakaoutoa kwenye udongo utafanana na huyo mmoja, kwa sababu hakuna mwingine wa kumpinga. Utaandika jina lake kwa uhakika kamili, na utakuwa umeandika orodha ya kabati lako badala ya orodha ya samaki wa kale. Nimewahi kuandika jina la spishi kwenye mifupa zaidi ya arobaini kwa njia hii. Nilipopata mifupa ya ndugu wawili wa samaki yule, nililazimika kurudisha yote kwenye ngazi ya familia. Tangu hapo, jina la spishi nalikubali tu kama nimewaona jamaa zake wa karibu na kuwaondoa mmoja mmoja kwa sababu inayoandikika.

Kwa hiyo kusanya samaki wote ambao wangeweza kuishi kwenye maji yale wakati ule, hata wale ambao leo hawaliwi au wamepungua. Tafuta angalau watatu wa kila aina: mdogo, wa kati na mkubwa, kwani umbo la mfupa hubadilika samaki anapokua.

Namna ya kuandaa samaki mmoja:

1. Mpime akiwa mzima: uzito, urefu kamili hadi ncha ya mkia, na urefu hadi mwanzo wa pezi la mkia. Mpige picha pande zote mbili. Vipimo hivi ukivikosa leo, Hatua ya 8 haitawezekana.
2. Toa vijiwe vya masikio kabla ya kupika. Kwa samaki wengi wenye mifupa, viwili vikubwa viko chini ya sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa kambare, jozi iliyo kubwa si ileile uliyoizoea kwa samaki wengine, kwa hiyo toa jozi zote na uziwekee lebo.
3. Ondoa minofu kwa kisu bila kukwaruza mfupa. Tenga kichwa na kiwiliwili.
4. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya. Badilisha maji kila siku. Maji yakichemka kwa nguvu, mifupa ya kichwa inajikunja, na samaki wadogo wanaharibika kabisa.
5. Tenganisha mfupa mmoja mmoja wakati nyama imelegea, kulia na kushoto. Suuza, kausha kivulini.
6. Andika namba ya samaki juu ya kila mfupa unaoweza kubeba wino.

Tahadhari: usitumie dawa ya kung'arisha nguo. Mfupa utapendeza mwezi mmoja, kisha utaanza kumomonyoka kuwa unga.

Umefaulu ikiwa: ukiwa umefumba macho ukichomoa mfupa wowote kisandukuni, unaweza kuutaja mfupa, upande wake, na urefu wa samaki aliyeutoa.

## Hatua ya 5: Tambua kwa mpangilio huu: mfupa, upande, kisha samaki

Swali la "ni samaki gani?" linakuja la tatu. La kwanza ni "ni mfupa gani?" na la pili ni "ni wa kulia au wa kushoto?" Ukiruka mpangilio huu utalinganisha taya la huyu na shavu la yule.

Anza na mifupa inayosema zaidi: ya taya (premaksila na maksila za taya la juu, dentari ya taya la chini), kwadrati ambayo ni bawaba ya taya la chini, kifuniko cha matamvua, na kleitramu, ule mfupa mrefu uliopinda nyuma ya matamvua unaobeba pezi la kifuani. Kisha tafuta mifupa ya pekee. Kambare hukupa miiba minene ya mapezi yenye kichwa kama ufunguo. Bunju hukupa taya lililoungana kama mdomo wa kasuku.

Chukua pono kama mfano wa karibu. Ndani kabisa ya koo lake kuna bamba la mfupa lenye meno yaliyopangwa safu kwa safu kama vigae vya sakafu, naye hulitumia kusaga matumbawe na mwani. Bamba hili ni gumu mno na hubaki ardhini wakati mifupa mingine yote ya pono imekwisha kupotea. Ukiliona utaruka kwa furaha, na ni haki yako. Lakini kumbuka furaha hiyo wakati wa kuhesabu: pono ataonekana mwingi kuliko samaki ambao hawana mfupa mgumu namna hiyo.

Pingili ni suala linalogawa watu. Wengine huzitupa kwenye kundi la "samaki, pingili" na kuendelea. Nadhani wanakosea. Ni kweli pingili za familia nyingi zinafanana mno, na hapo andika "samaki asiyetambuliwa" bila aibu. Lakini za mkunga, jodari na papa zinajitambulisha, na samaki wenye vichwa laini kama dagaa huacha karibu pingili pekee. Ukizipuuza, umewafuta.

Kwa kila kitambulisho andika kigezo: "kwadrati ya kulia, uso wa bawaba mpana, ukingo wa nyuma umenyooka." Baada ya wiki moja, chukua sehemu ya kumi ya mifupa, funika majina, na uitambue upya. Pale majibu mawili yanapotofautiana, panda ngazi moja: kutoka spishi hadi jenasi, kutoka jenasi hadi familia.

Ikiwa swali lako linategemea spishi na umbo limeshindwa, zipo njia za maabara: alama za protini ya kolajeni, na DNA ya kale. Zote hula sehemu ya mfupa. Piga picha na pima kwanza, na hakikisha ruhusa yako inataja uharibifu huo. Iwapo unataka pia kupima umri kwa kaboni, jua kwamba kaboni ya baharini huonekana kongwe kuliko ilivyo, wastani wa miaka 400 hivi, na lazima tarehe irekebishwe kwa eneo husika.

Umefaulu ikiwa: una safu yenye mifupa mingi isiyotambuliwa. Sifuri pale inanitia wasiwasi kuliko asilimia 60.

## Hatua ya 6: Uliza nani aliiweka mifupa hapa, na nini kimepotea

Ndege walao samaki, fisimaji, mamba na mafuriko vyote huacha mifupa ya samaki. Bwawa likikauka, samaki hufa kwa mamia bila mkono wa mtu.

Dalili za kifo cha asili ni mifupa ya samaki mzima ikiwa bado imejipanga, ukubwa wote kuanzia vifaranga, na kutokuwepo kwa alama yoyote ya moto au kisu. Pingili zilizobonyea, zenye kingo zilizolika na kung'aa, zimepita tumboni mwa kiumbe. Usisahau kwamba kiumbe huyo anaweza kuwa binadamu.

Kuhusu moto, usiamini rangi ya juu. Madini ya manganizi hutia mfupa weusi bila moto. Tazama pale ulipovunjika: ulioungua ni mweusi hadi ndani. Mweupe kama chokaa umekaa kwenye joto kali, huenda kwa kutupwa jikoni baada ya mlo. Mfupa uliopikwa ndani ya nyama, kwa upande mwingine, mara nyingi hauonyeshi chochote.

Mfano unaofundisha sana ni wa Gesher Benot Ya'aqov, Israeli, eneo la takriban miaka 780,000 iliyopita. Kwenye sehemu palipokuwa na moto yalipatikana meno mengi ya kooni ya samaki wa jamii ya kapu (carp kwa Kiingereza), lakini mifupa yao ilikuwa michache mno. Watafiti walipima fuwele za enameli, ule utando mgumu wa jino, na kuona meno yamepata joto la wastani, chini ya nyuzi 500 za Selsiasi, linalofaa upishi kuliko kuungua. Katika utafiti uliotoka mwaka 2022 walieleza kwamba upishi hulainisha mifupa hadi ikapotea, na meno yakabaki. Kukosekana kwa mifupa kuligeuka kuwa ushahidi, kwa sababu waliuliza nini kimepotea na kwa nini.

Pima pia asidi ya udongo. Udongo wenye asidi humeza mifupa, na vijiwe vya masikio hutangulia. Kwenye malundo ya makombe, chokaa ya makombe hupunguza asidi hiyo na samaki hudumu. Matabaka mawili yakitofautiana kwa wingi wa samaki, linganisha kwanza udongo wao.

## Hatua ya 7: Hesabu kwa njia mbili, usiiamini moja

Ya kwanza ni idadi ya vipande vilivyotambuliwa, ambayo kwenye majedwali utaikuta kama NISP. Ni nyepesi na unaweza kuirudia. Kasoro yake ni kwamba mkunga mmoja ana pingili zaidi ya 100, ilhali chewa ana 24. Mkunga mmoja akitupwa mzima kwenye lundo la taka atawashinda chewa wanne kwa pingili.

Ya pili ni idadi ndogo kabisa ya samaki inayoweza kueleza mifupa hiyo, yaani MNI. Chukua mfupa unaojirudia zaidi kwa upande mmoja, kwa mfano dentari za kushoto 7, na una samaki wasiopungua 7. Ukiona dentari ya kulia ya samaki mdogo asiye na mwenzake, wamekuwa 8. Kasoro yake: ukijumlisha matabaka jibu linapungua, ukiyagawa linaongezeka. Kwa hiyo andika umejumlisha nini.

Meno ya papa usiyahesabu kama samaki. Papa mmoja huangusha meno maisha yake yote.

## Hatua ya 8: Rudisha urefu wa samaki

Hapa vipimo vya Hatua ya 4 vinalipa. Chagua sehemu ya mfupa isiyovunjika kirahisi, kama upana wa bawaba ya kwadrati. Ipime kwa samaki wako wote wa rejea wa familia hiyo, weka kipimo hicho dhidi ya urefu wa samaki, vyote kwa logi (logarithimu), na utafute mstari unaopita katikati. Kisha ingiza vipimo vya mifupa ya kale.

Tahadhari: usivuke mpaka wa samaki wako. Ikiwa wa rejea wana sentimita 20 hadi 45, mfupa unaodai sentimita 90 uandike tu kuwa "mkubwa kuliko rejea."

Ukiona samaki wanapungua urefu kutoka tabaka la chini hadi la juu, usitangaze uvuvi wa kupita kiasi siku hiyohiyo. Zana zinaweza kuwa zimebadilika, wavuvi wanaweza kuwa wamehamia maji ya kina kifupi wanakokulia samaki wadogo, au chekeche ya siku ile ilikuwa tofauti. Ondoa hayo matatu kwanza.

## Hatua ya 9: Msimu, ukiwa na vijiwe vya kutosha

Kata kijiwe cha sikio katikati, kilainishe, na uangalie pete ya mwisho ukingoni: ya ukuaji wa haraka au wa polepole? Linganisha na samaki wa leo wa aina ileile waliovuliwa kila mwezi wa mwaka. Bila hao wa kila mwezi, usijaribu. Kwenye maji ya joto pete huwa hafifu, na hapo kipimo cha oksijeni husaidia, kwa kuwa oksijeni nzito huongezeka kwenye kijiwe maji yanapopoa. Vijiwe vitatu haviwezi kukupa msimu wa kijiji.

## Hatua ya 10: Kutoka samaki hadi uvuvi

Sasa ndipo unapoweza kuuliza walivuaje, na jibu hutoka kwenye mambo matatu kwa pamoja: tabia ya samaki, mpangilio wa ukubwa wao, na zana zilizopatikana.

Samaki walao mwani, kama pono na tasi, hawapendi ndoana. Wakiwa wengi, fikiria nyavu, madema au mkuki. Chewa na changu hukubali mshipi. Samaki wa ukubwa unaokaribiana sana huelekeza kwenye jarife, ambalo macho yake huchagua. Ukubwa wote ukichanganyika, fikiria uzio, juya au sumu ya mimea. Kamba za nyavu huoza, lakini chubwi za mawe au udongo hubaki. Zitafute kwenye orodha za wenzako waliochambua mawe na vyungu.

Hapa ndipo mpaka wa mfupa huvukwa zaidi. Pango la Jerimalai, Timor-Leste, lilitoa mifupa ya samaki ya hadi miaka 42,000, ikiwemo ya jamii ya jodari, na ndoana za gamba za miaka kati ya 23,000 na 16,000. Mwanaakiolojia Sue O'Connor na wenzake walipochapisha mwaka 2011, walitafsiri kuwa watu wale walivua bahari kuu. Wengine walijibu kwamba jodari wale walikuwa wadogo, na pwani ile ina kina kirefu karibu na nchi kavu, hivyo wangeweza kuvuliwa bila kwenda mbali. Mifupa haikubadilika. Mjadala wote uko kwenye umbali kati ya "waliwala jodari" na "walisafiri kuwafuata." Kwenye ripoti yako, sentensi hizo mbili zisikae kwenye aya moja.

Tazama pia sehemu za mwili. Chewa wa Atlantiki (cod kwa Kiingereza, si yule chewa wa pingili 24) waliokaushwa kaskazini mwa Norwei walikatwa vichwa kabla ya kusafirishwa, lakini kleitramu mara nyingi ilibaki na kiwiliwili kwa sababu hushikilia nyama. Walikokaushiwa utakuta vichwa vingi. Walikoliwa utakuta pingili na kleitramu. Mwaka 2017, DNA ya mifupa ya chewa kutoka Haithabu, mji wa Waviking ulioko Ujerumani ya leo, ilionyesha baadhi yao walitoka maji ya aktiki ya Norwei. Kwa hiyo uwiano wa vichwa na viwiliwili unaweza kutenganisha mvuvi na mnunuzi. Kabla ya kuutumia, hakikisha vichwa havikupotea kwenye chekeche au kwa udhaifu wake wa asili: hesabu sehemu hizo kwa samaki wenye vichwa vigumu peke yao.

Umefaulu ikiwa: kila dai la uvuvi lina angalau ushahidi wa aina mbili, na umeandika maelezo mengine uliyoyafikiria na kwa nini umeyaacha.

## Hatua ya 11: Ripoti na hifadhi

Ripoti itaje matundu ya chekeche, lita za udongo, orodha ya samaki wa rejea pamoja na idadi yao kwa kila aina, vigezo vya kutambua, na sehemu ya mifupa isiyotambuliwa. Ambatisha jedwali ghafi, mfupa kwa mstari, lisiwe la jumla pekee.

Mifupa irudi kwenye hifadhi iliyotajwa kwenye ruhusa, kila kipande kilichopimwa kikiwa na namba yake, na lebo mbili: moja ndani ya mfuko, nyingine nje. Kile kikundi cha "samaki asiyetambuliwa" kifungwe kwa uangalifu uleule. Atakayefungua kisanduku hicho akiwa na samaki wa rejea wengi kuliko wako ataanzia hapo.